Mtani Kaburini

Ipogolo, Iringa

Mke wangu Mama Atupele,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na hayo uliyakuta hivyo hivyo tulipofunga ndoa. Wewe hujambo? Kikohozi kimemwacha Atupele? Na mvua ya huko Uyole imekupa nafasi ya kupalilia viazi, au bado mnatazamana?

Uliuliza mwalimu mzee kama mimi anasoma nini na vijana hapa chuoni. Nasoma wanachosoma wao, ila polepole, nao wananiita Babu. Wana jarida lao la mambo ya mataifa: namna nchi zinavyogombana, zinavyopatana na kuwekeana mikataba. Nami niliwapelekea makala. Waliisoma kwa heshima kubwa, kisha wakaniomba niwe mzungusha mpini wa mashine ya kuchapia. Ndiyo maana barua hii ina alama za vidole.

Mhariri ni Kalinga, Mhehe wa Idodi. Msaidizi wake ni Ngonyani, Mngoni wa Songea. Unajua habari za watu hao: babu zao walipigana vibaya, wajukuu wakabaki watani. Tangu nifike hapa, Ngonyani hamwiti mwenzake ila "mla mbwa," naye huitwa "Mzulu aliyepotea njia." Tulizoea kufanya kazi katikati ya matusi hayo.

Basi Ngonyani akaandika makala juu ya nchi zilizokabidhiwa mkoloni azitawale kwa udhamini, kama hii yetu. Akauliza: huyo anayedhaminiwa, nani amewahi kumuuliza? Kalinga akaikata nusu nzima, akihofu Mkuu wa Chuo atalifunga jarida. Hawakupigana. Kesho yake nikasikia, "Habari za asubuhi, Bwana Kalinga." "Nzuri, Bwana Ngonyani."

Mama Atupele, niliuachia mpini. Watani wakianza kuitana Bwana, jambo limeharibika. Wakaendelea hivyo mwezi mzima, huku wanahariri habari za mapatano ya mataifa.

Kisha baba yake Kalinga akafariki. Tulipanda lori kwenda Idodi kuzika, Ngonyani hakuwemo. Kila liliposimama lori, Kalinga alitazama nyuma. Msiba usiofikiwa na mtani ni misiba miwili.

Maiti ilipoletwa makaburini, tukamkuta Ngonyani amelala chali ndani ya kaburi, kama watani wafanyavyo mpaka walipwe, mikono kifuani, sare ya chuo imejaa udongo. Kumbe alitutangulia kwa lori la chumvi.

"Mtani, toka," akasema baba mdogo wa Kalinga. "Tutakupa kuku."

"Kuku mpeni mbwa, anenepe mumle vizuri. Mimi nataka makala yangu."

"Makala ni mnyama gani?"

Wazee wakanigeukia mimi, kwa ajili ya mvi zangu. Nikaeleza kwamba ni maandishi, na kwamba kijana wao ameyakata nusu.

"Si ayaunganishe?" mzee akamwambia Kalinga. "Baba yako hawezi kungoja juani."

Kalinga akasogea ukingoni. Tangu habari zije hakuwa amelia. Sasa machozi yalikuwa yanadondokea kwenye sare ya yule aliyelala.

"Nitaichapa."

"Yote?"

"Yote, Mzulu we. Hebu toka kwenye nyumba ya baba."

Watu wakacheka, halafu wakalia, halafu tukazika. Ngonyani alikataa kumpa mtu koleo mpaka udongo ulipokwisha.

Makala imetoka yote. Nimezungusha mpini mwenyewe, bega linauma upande mmoja tu. Barua hii naiandika juu ya benchi, nje ya ofisi ya Mkuu wa Chuo. Ametuita sote watatu, na jarida liko mezani kwake.

Nisalimie mama mkwe. Nikirudi mapema kuliko tulivyopanga, asiniulize mbele ya watu. Msalimie na kaka yako fundi cherehani, umwambie suruali aliyonishonea ilishonwa bila kumuuliza mtu anayekaa. Mchungaji wetu naye mwambie atuombee, asitaje sababu.

Hapa pembeni Kalinga ananong'ona, "Nitasema niliiandika mimi."

Na Ngonyani anamjibu, "Nani ataamini kwamba mla mbwa anaweza kuandika hivi?"

Mlango unafunguliwa.

Mumeo, mzungusha mpini,
Baba Atupele