Muziki wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimetoka kutazama filamu ya Thibault. Ile sehemu mjane anaingia kukanda unga peke yake, mara ya kwanza tangu mumewe mwoka mikate afariki — ndiyo moyo wa filamu, ndiyo niliyoitiwa kuitungia muziki. Nakuta imeshawekwa muziki! Kinanda cha kanisani, utunzi wa Mjerumani fulani aliyekufa zamani. Wa kushika nafasi tu wakati picha zinakatwa, kama kawaida yetu. Lakini Thibault, mwongozaji wangu, keshaupenda. Ati nimtungie kama huo, ila usiwe huo! Nusura nimpige na mwavuli. Nisipompendeza Ijumaa, Mjerumani anabaki, mimi naondoka. Na tangu mwaka juzi hakuna anayenipigia simu ila watu wa matangazo ya sabuni.

Jumatano, 6 Machi

Nimetunga, nimechana. Kila ninachoweka kinachechemea. Nimekula jibini na mkate wa jana, nikagombana na paka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeelewa!

Nilimwendea Odile, mkata picha, nikamwomba anionyeshe ile sehemu bila sauti. Mikono ya yule mama inakanda, inasita, inakanda tena — lakini picha zinaruka kwa mapigo ya Mjerumani. Odile alizikata huku akimsikiliza! Nami nalazimishwa kuvaa kilichoshonewa mtu mwingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Odile akaona haya, kisha akacheka.

"Kumbe siku zote nacheza dansi na maiti!"

Akainamia pipa la vipande vya filamu vilivyotupwa, akarudisha pale mama anaposimama kuvuta pumzi. Akaniambia Thibault akiuliza, atasema ni mimi niliyemtuma. Haya, nibebeshe.

Fidla nene ya sello na filimbi ya klarineti, basi. Naupenda muziki huu. Ni muda sijapenda nilichotunga.

Ijumaa, 8 Machi

Niko studio, pembeni, naandikia gotini. Tumerekodi huku picha ikipita ukutani. Mzee Anselme wa sello alininong'oneza, "Dada Ghislaine, huyu anakanda kama marehemu mke wangu." Akapenga kamasi, akapiga vizuri kuliko nilivyoandika.

Thibault alikiona kile kipande kilichorudishwa. Alisimama. Mimi roho mkononi! Akakaa tena.

Taa zilipowaka hakunitazama. Alikohoa, akauliza: na kule mwanzo wa filamu, mlango wa duka unapopandishwa, pale napo si alimweka Mjerumani — je, nina chochote?

"Ninacho," nikasema.

Sina hata noti moja!

Wote wamevuka barabara kwenda kunywa kahawa. Odile amenikonyeza, akaninong'oneza: atawaagizia na ya pili, naye Thibault ataulizwa habari za mama yake, hapo hanyamazi. Nimemzuia mpiga klarineti asiende. Ameketi mbele yangu, anauliza apige nini. Mlango wa chuma, asubuhi, baridi. Aanzie chini kabisa, peke yake, halafu —