Kwa nini namwita yaya wangu Zinki

Mujukuu wangu Neema,

Amani ikukute huko Kinshasa. Siye hapa Majengo tuko wazima. Mama yako amepona mafua, na mbuzi amezaa mapacha. Umeniuliza kwa nini namwita yaya wangu, dada yangu mukubwa, Zinki, naye anacheka tu.

Wakati wa Zaïre, ku sekondari, citoyen mwalimu, ndivyo tuliitana wote wakati ule, wa somo la chimie, kemia, alituonyesha misumari miwili. Wa kwanza aliuacha hivi hivi, wa pili akauzungushia kipande cha zinki. Yote akaitia mu maji ya chumvi. Kisha siku kadhaa, ule wa kwanza ulishika kutu. Wa pili ulikuwa safi, lakini zinki yake ilijaa unga mweupe, imeanza kulika.

Mwalimu akasema: «Maji inakula zinki kwanza. Musumari unapona.»

Nikatazama uniforme yangu. Yaya aliipiga pasi asubuhi ile, mbele ya kwenda soko kuuza ndizi. Yeye aliacha masomo mwaka ule miye niliingia sekondari.

Nikarudi nyumbani, nikamuelezea yote. Akaendelea kumenya viazi, kisha akauliza: «Na ule musumari, ulikuwa unajua?»

Nikamujibu: «Leo musumari umejua, Zinki.»

Koko wako