Alama Moja ya Weris

Griftu,
Jumapili.

Kwa kaka yangu Deeq,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Garissa, wewe, shemeji Hinda na watoto. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillah. Mvua imenyesha mara mbili na baba yetu, Aabo, amewarudisha ngamia karibu. Goti la mama yetu, Hooyo, bado linamsumbua.

Uliponipigia kuuliza kwa nini dada yetu Weris ameozwa kabla hajamaliza kidato cha nne, nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningekata tena.

Unaijua ahadi ya Aabo. Weris akiwa wa kwanza katika kemia kwenye mtihani wa majaribio, mchumba wa Tarbaj angesubiri amalize shule. Akikosa, harusi.

Mwalimu wa kemia ni mimi, na unajua nilivyoupata ualimu huo. Walimu wa mikoa mingine walipohamishwa kwa sababu ya usalama, mkuu wa shule alinipa chaki kwa kuwa nilikuwa na C ya kemia. Nilinakili daftari la mwalimu mmoja huku akifunga mizigo yake, na gari likaja kabla sijamaliza.

Swali lilitaka namba ya oksidisho ya oksijeni katika haidrojeni peroksaidi. Daftari langu lilisema oksijeni ni hasi mbili, basi. Weris aliandika hasi moja, nikamkosesha. Mwenzake Ikran, aliyeandika kama nilivyofundisha, akamzidi kwa alama moja.

Weris alisimama darasani na karatasi yake. Alisema haidrojeni ziko mbili, kila moja chanya moja, kwa hiyo jumla ni chanya mbili. Kampaundi nzima lazima iwe sifuri, basi oksijeni mbili zinagawana hasi mbili, kila moja hasi moja. Wanafunzi arobaini walikuwa wakinitazama. Nilimwambia hapa si nyumbani, akae chini. Akakaa.

Alasiri hiyo hiyo nilifungua kitabu ofisini. Weris alikuwa sahihi. Zilibaki siku nne kabla ya nikahi, na Aabo ni mtu wa neno lake, angeisimamisha. Nilijua, kaka, nikanyamaza. Niliona aibu watoto wajue kwamba nafundisha nisichokielewa. Najichukia kwa hilo. Nikala wali wa harusi yake.

Alipokuwa akiondoka aliniuliza polepole kama niliangalia kitabu. Nilimwambia niliangalia, na jibu ni hasi mbili. Akaniomba msamaha kwa kunibishia mbele ya darasa.

Sina la kuongeza. Msalimie Hinda, wabusu watoto, na Hooyo anakuombea dua. Aabo mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Siyad