Maswali ya Nesi Kabla ya Kunusa

Boito, Alhamisi, Agosti 1973

Mvua ya mawe imepiga chai tangu mchana. Majirani wanasikitikia majani yao. Mimi sina neno. Siku hizi hata hasira imeniishia.

Leo madaktari walikuja kwenye zahanati ya kiwanda kupima pua na ndimi za wafanyakazi, pamoja na wake zao. Kabla ya kunusishwa chupa za harufu unaulizwa maswali: umri, ulikozaliwa, sigara, pombe, magonjwa, watoto. Mzee mmoja alipoulizwa umri alijibu kwamba alitahiriwa mwaka wa nzige, wajihesabie wenyewe. Watu walicheka. Mimi nilifungua mdomo, kicheko kikagoma.

Nesi aliponiuliza nina watoto wangapi, nilisema sina.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Binti yetu Chelangat alikufa Juni, kwa homa iliyotulaza nyumba nzima. Tangu tumzike, mume wangu Kiprono anakula chochote ninachompa, kisha ananyamaza. Nikaanza kumchukia. Wiki jana niliacha makusudi kuosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, wala sikukisugua ndani kwa mkaa kama mama alivyonifundisha. Maziwa hayakuganda, yalioza. Mwanamume mwingine wa Kipsigis angekitupa kibuyu nje na kuwaita wazee. Kiprono alikunywa kikombe kizima akasema asante. Nikajiambia, huyu hana moyo. Nikapanga Jumapili nirudi kwa wazazi wangu Merigi, nisiseme kwaheri.

Ukuta wa zahanati ni wa mbao. Nilikuwa nimekaa nje Kiprono alipoulizwa.

"Watoto ngapi?"

"Moja. Msichana."

"Ako wapi?"

"Alikufa. Ile homa ya mwezi wa sita."

"Na wewe ilikushika?"

"Ilinishika. Tangu hapo sisikii harufu yoyote. Chakula nameza tu. Bibi yangu sijamwambia. Ako na yake ya kutosha."

Nilibaki kwenye benchi mpaka nikaitwa kunusa. Karafuu, kitunguu, mafuta ya taa: nilivitambua vyote. Pua yangu ni nzima kabisa.

Tulirudi nyumbani kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma, matope mpaka kwenye vifundo. Nilimwambia kwamba maziwa ya wiki jana yalikuwa mabovu, na kwamba nilifanya kusudi. Hakugeuka.

"Tumbo iliniambia," akasema.

Nilitaka kulia. Machozi bado hayaji.

Sijui kama nampenda. Sijui hata kama nimemsamehe, au ni yeye anayepaswa kunisamehe. Merigi siendi, hilo tu ndilo ninalolijua.

Madaktari wanaondoka kesho. Nitadamka niwahi zahanati kabla gari lao halijawashwa, nimwambie nesi kwamba nilijibu vibaya. Nina mtoto mmoja. Anaitwa Chelangat.