Utepe Wenye Mistari Myeusi

Mpendwa dada Rehema,

Kabla hujaendelea, tafadhali jitenge. Usimsomee mtu barua hii, hata shemeji, wala usiiache mezani hapo kazini kwenu Ruangwa. Neno lolote la humu likivuja kabla ya Jumatatu, nitafukuzwa kabla sijapata nafasi ya kusema mwenyewe.

Jana dokta alinipa barua niichape. Inakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Inasema kwamba wewe, ulipokuwa muuguzi wake hapa Nachingwea, uliweka vifaa vichafu vya kung'olea meno kwenye kabati la vifaa safi wakati wa korona, "kwa uzembe". Neno hilo nimelichapa mimi, dada. Kisha nikaenda kujifungia chooni.

Nakumbuka asubuhi zile. Ndoo yenye koki mlangoni, sabuni, na wewe ukiwatenganisha watu kwenye benchi la nje. Dokta alijua kila kitu. Ndiye aliyetufundisha kwamba mashine ya kusagia jino hurusha mate hewani kama ukungu, na kwamba ukungu huo hukawia kutua. Lakini joto likimzidi, anashusha barakoa hadi kidevuni. Wewe ulikuwa unagonga kidevu chako kwa kidole, bila neno, naye anaipandisha. Nilikuwa natamani ujasiri ule.

Na yule bibi wa Lionja, je? "Nyie wote mmejifunga midomo," alikuambia, "halafu mimi ndiyo nifungue wangu?" Ukamjibu, "Bibi, ungekuwa na jino bovu gotini, tusingekusumbua." Alicheka hata akasahau sindano.

Sasa niseme nisichowahi kukuambia. Utepe wa kufungia vifurushi vya vifaa uliadimika, kwa sababu kila tulichoagiza kilikuwa barakoa na glavu. Stoo ilikuwa mikononi mwangu. Nikaona utepe uliokwisha kupita kwenye mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa bado unanata. Nikawa naubandua taratibu na kuuhifadhi ubavuni mwa kabati. Wagonjwa wakizidi, nakusaidia kufunga vifaa vilivyosuuzwa kwa haraka, kabla havijaingia kwenye mashine, na nafungia utepe huohuo. Mimi nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Ile mistari myeusi niliiona ni uchakavu tu. Sikujua kwamba huja kwa joto la mashine, na kwamba ndiyo inayowaambia ninyi kifurushi kimetakaswa. Wewe ukiiona, unakipeleka moja kwa moja kabatini. Nami nilikuwa najisifu moyoni kwamba nabana matumizi.

Siku ulipofungua kifurushi mbele ya yule mzee wa Kiegei ukakuta damu iliyokauka kwenye koleo, ulilifunika upesi, ukamwomba radhi. Dokta akakuuliza, "Rehema, utepe una mistari. Mchafu hapa nani, mashine au wewe?"

"Dokta, mimi niliamini mistari."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili la mzee. Ndipo nilipoelewa. Nikaliweka faili mezani, nikatoka.

Haukupita muda ukahamishwa. Ulipokuja kuaga ulinipa barakoa ya kitenge uliyoishona mwenyewe, ukasema, "Karani wangu, nakuachia kidevu cha dokta." Sikuweza kukutazama usoni.

Si wewe peke yako unayeninyima usingizi. Ni vifurushi vilivyotangulia kile, ambavyo hakuna aliyevihesabu. Watu walikuja wamejifunika nyuso kwa kuogopa pumzi zetu, na sisi pengine tuliwatia kinywani damu ya mtu mwingine. Nimepitia rejista na kunakili majina ya wote waliong'olewa meno miezi ile. Wengine walitoka mbali, hadi Matambarale. Wanapaswa kuitwa wapimwe. Lakini ikiandikwa kwamba ni koleo moja na uzembe wa Rehema, shauri litaishia kwako, na hakuna atakayewaita.

Ndani ya bahasha hii utakuta orodha hiyo, pamoja na maelezo yangu niliyoyatia sahihi. Nakala yake nataka kumpelekea mganga mkuu wa wilaya Jumatatu asubuhi. Nasema nataka, dada, kwa sababu unanijua.

Ukitaka kunipata, usipige simu yangu. Huwa iko mezani, na dokta huona kila jina linalotokea. Piga ya mapokezi saa saba, anapokwenda kula. Nikiitikia kwa sauti ya kikazi, ujue bado yupo. Kata, upige tena baadaye. Jumapili nipo kwa mama yangu, Kiegei, tunabangua korosho. Uliza nyumba iliyo nyuma ya msikiti, utaelekezwa.

Jumatatu nikishatoka kwa mganga mkuu, nitakupigia mimi. Ikifika saa nne hujasikia sauti yangu, ujue nimeogopa. Usinisubiri wala usinionee huruma. Panda gari uje na bahasha hii, umkabidhi wewe.

Ni mimi, mdogo wako wa mapokezi.