Kuhusu Mkeo na Makopo Yangu

Saluni ya Kona,
Nyuma ya Ofisi ya Posta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, Kijiko,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako. Najua hupendi tena kuitwa Kijiko sasa kwa kuwa una ndevu na watu wa chini yako kazini, lakini niliyekuwa nikikunyang'anya kijiko cha uji kila asubuhi ni mimi, kwa hiyo nitakuita ninavyotaka. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema godoro mlilopewa limebonyea katikati, na kwamba yule unayeishi naye chumba kimoja anakoroma mpaka dirisha linatetemeka. Natumaini mmoja wenu amehamishwa.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, presha imetulia. Anashinda mlangoni pa saluni akiwasalimia wanaoingia na kuwachunguza wanaotoka. Mwanao anakimbia siku hizi, na kila akipita kwangu anaondoka na kibanio cha nywele mdomoni. Mimi nami ni mzima, ila mikono. Hiyo nitaifikia.

Sasa kaa kitako. Barua hii inamhusu mkeo, na nakuambia mapema kwamba naiandika nikiwa na wivu, usije ukafika katikati ukadhani umegundua siri. Roho inaniuma, mdogo wangu. Inaniuma nikiamka, inaniuma nikifagia nywele za watu, na inaniuma zaidi nikimwona wifi yangu anapita na kikapu chake, mwepesi, anatabasamu, ngozi inang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

Unakumbuka ilivyoanza. Mwanao alitokwa na vipele, kila sabuni ya dukani inamwasha, mkeo akaanza kupika sabuni mwenyewe jikoni kwenu. Mimi nilicheka. Nilimwambia Mama kwamba wifi atalichoka hilo sufuria kabla halijapoa. Halikupoa. Baada ya sabuni akaja na mafuta ya nta ya nyuki, baada ya mafuta ikaja sabuni ya kuoshea uso, na sasa amekodi chumba cha mbele cha yule fundi saa, ng'ambo ya barabara, nikifungua mlango wangu nautazama wa kwake. Watu wanapanga foleni kununua vitu ambavyo mwaka jana wasingevipaka hata kwenye viatu.

Sijui ni ugonjwa gani umeingia mjini. Zamani mteja akija anauliza, hii inanukia nini, hii inang'arisha? Siku hizi cha kwanza kuguswa ni mgongo wa chupa. Wanaigeuza, wanasoma yale maandishi madogo kama watu wanaotafuta jina lao kwenye matokeo ya mtihani. Hii ina kemikali gani? Imejaribiwa kwa wanyama? Chupa hii ikiisha inakwenda wapi? Karani wa benki, ambaye nilimtia dawa ya nywele tangu yuko mwanafunzi, aliniuliza hilo la chupa. Nikamjibu inakwenda jalalani, kwani yeye alitaka iende wapi? Hajarudi.

Na makopo, Kijiko! Unajua mafuta yangu ya nywele, yale ninayoyafungasha mwenyewe kutoka kwenye dumu, kwenye kopo lenye karatasi yangu yenye picha ya kitana. Mkeo hauzi makopo mapya. Kila mtu anakuja na lake tupu, anajaziwa, anakwenda zake. Siku moja nilijifanya napita tu, nikachungulia. Kwenye rafu yake kulikuwa na makopo yangu yamejipanga, picha za kitana zinanitazama zote, yanasubiri kujazwa vitu vyake. Nilirudi nikamkata mtu nywele fupi kuliko alivyoomba.

Halafu wewe. Wewe ulimtumia mashine ya kukorogea, yenye bakuli la chuma na kasi nne. Aliileta hapa kumwonyesha Mama, wakaiwasha, wakakaa wanaiangalia inavyozunguka kama watu wanaotazama mpira. Mimi kwa mzigo huohuo nilipata kishikio cha funguo chenye picha ya daraja. Nina mlango mmoja, Kijiko. Una habari kwamba nina ufunguo mmoja?

Mama naye ananimaliza. Juzi aliniomba nimnunulie sabuni, nikamletea ileile aliyoitumia miaka yote. Akaipokea vizuri, akaiweka kando, akasema angependa ile ya mwanangu. Nikamuuliza, mwanao yupi, maana wa kiume yuko mbali na wa kike nimesimama hapa. Akanionyesha ng'ambo ya barabara kwa kidevu.

Basi nikaamua kupambana. Wakala anayeniletea bidhaa aliniambia wenye kiwanda nao wameamka, sasa kuna chupa za kijani zenye picha ya jani. Nikachukua katoni nzima, nikazipanga dirishani, nikabandika tangazo: Hapa Asilia Tupu. Mkeo aliliona, akanipungia mkono kutoka ng'ambo. Nikajua nimempata.

Jumamosi iliyofuata saluni imejaa. Akaingia mwalimu wa sekondari, mteja wangu wa siku nyingi, akachukua chupa moja ya kijani, akaigeuza, akavaa miwani. Akaanza kusoma kwa sauti, jina moja moja, kama anaita mahudhurio. Kisha akachukua chupa ya zamani, ile nyeupe, akasoma na hiyo. Majina yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kilichoongezeka ni jani. Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata waliokuwa chini ya mashine za kukaushia. Mwalimu hakunicheka. Alizirudisha chupa mahali pake taratibu, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa mikono. Sikukuandikia mapema kwa sababu najua ungempigia Mama, naye angeanza kulia. Ilianza kwa kuwasha katikati ya vidole, ikaja mabaka, ikaja nyufa. Daktari wa ngozi aliitazama muda mrefu, akasema mwili wangu umeikataa dawa ya nywele. Niiache. Nikamuuliza kuhusu glovu, akasema zitanisogeza mbele kidogo, lakini nikiendelea itafika siku sitaweza kushika kitana. Nikamwambia kuiacha ni sawa na kufunga saluni, maana nusu ya wanaokaa kwenye kiti changu wanafuata dawa. Na nikiiacha, Kijiko, barabara nzima itasema mkeo alikuwa sahihi. Hilo sikumwambia daktari.

Marhamu aliyoniandikia ilinisaidia wiki moja, ikaishiwa nguvu. Nikajikaza kisabuni. Mwishowe nikamwita fundi cherehani, yule ninayepakana naye ukuta, nikamtuma avuke barabara aninunulie mafuta ya nta ya mkeo, aseme ni ya vidole vyake vinavyochomwa na sindano. Nilimwapisha. Ndiyo, mimi, dada yako, ninayemsema mkeo mchana kutwa, nilikuwa jioni najipaka mafuta yake nimefunga pazia. Na yanasaidia! Hilo ndilo linalonitia hasira. Kama yangekuwa takataka ningelala usingizi.

Kopo la kwanza lilikuwa na harufu ya mchaichai. Nikawa namwosha mteja, akavuta pumzi, akasema ninanukia duka la wifi yangu. Nikasingizia chai. Bahati nzuri kopo la pili halikuwa na harufu yoyote, wala la tatu. Nikadhani fundi ana akili kuliko nilivyomhesabia.

Wiki hii fundi amesafiri kwenda kumwona mama yake, na mafuta yakaniishia. Mpaka Alhamisi vidole vilikuwa vimepasuka tena. Nilikuwa namkausha mwalimu kichwa, nikaona tone la damu kwenye taulo nyeupe. Yeye pia aliliona. Alichukua taulo, akaikunja ile sehemu ikaenda ndani, akaendelea kuongea habari za shule.

Hapohapo akaingia mkeo, mtoto kiunoni, Mama ameinuka mlangoni anachekelea. Mkononi ana kopo langu, lenye kitana. Nikajua amekuja kunirudishia kopo mbele za watu, na maneno ya kumjibu nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka akiba tangu lini. Akaliweka mezani katikati ya vitana, akaniinamia sikioni.

"Wifi, fundi amesafiri. Nikaona usije ukakosa."

Nikamuuliza fundi ana uhusiano gani na mimi.

"Aliniuliza kama yanafaa kwa mikono inayoshika dawa ya nywele," akasema. "Fundi cherehani, wifi."

Akainuka, akampanga mtoto vizuri kiunoni, halafu akaongeza polepole, "Mchaichai niliuacha, wateja wako wasije wakausikia mikononi. Na hili nimetia kwenye kopo lako mwenyewe. Likikaa mezani hakuna atakayeuliza."

Akaondoka. Hakusubiri asante, na vizuri hakusubiri, maana sikuwa nayo.

Tangu Alhamisi nimekuwa nikilizungusha jambo hili kichwani. Angenicheka ningepumzika. Angewasimulia wateja wake ningekuwa na haki ya kumchukia mpaka uzeeni. Badala yake amekaa miezi yote ananifichia siri ambayo mimi nilidhani namficha yeye, huku mimi namsema kwa kila anayekaa kwenye kiti. Nilikuwa naonea wivu duka lake, ngozi yake, mashine yake na Mama. Sasa imebidi niongeze na moyo wake. Kweli mtu mmoja anapewaje vyote hivyo, halafu akapewa na wewe?

Dawa nimeiacha. Jana nimelirudisha dumu la dawa kwa wakala pamoja na chupa za majani, akanuna, na tangazo nimelibandua. Nitasuka, nitaosha, nitakata. Mwalimu amesema atakuja kusukwa Jumatano, na kwamba atamleta mwenzake wa darasa la jirani. Sijui kama hao wawili watailisha saluni. Naogopa, sikufichi. Lakini nyufa za vidole zimeanza kufunga, na barua hii nimeiandika yote kwa mkono wangu.

Chini ya kitanda nina makopo matatu matupu niliyoyaficha. Leo nimeyaosha. Kesho asubuhi, foleni ikiwa ndefu, nitayabeba mkononi bila mfuko, nivuke barabara nisimame nyuma ya karani wa benki. Mkeo usimwambie kwamba nimekuandikia. Na ukituma mzigo mwingine, anza na mimi.

Mama anakusalimu, anasema vaa soksi. Shangazi wa sokoni anakusalimu, na binamu yako kinyozi anauliza ile redio utaileta lini. Mwanao sikumuuliza, lakini nimemsalimia kwa niaba yako na ameniuma kidole kisichopasuka.

Mungu akulinde huko uliko, akunyooshee mgongo, akurudishe nyumbani ukiwa mzima na mwenye njaa.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akikukasirikia.

Nilisahau: kesho nitamwambia aurudishe mchaichai.