Mitawanda ya Baba

Jumamosi, 24 Februari 1912
Wachezaji wa Kihindi, wale wa michezo ya kuigiza, wameondoka leo kwenda Mombasa. Nilimfuata mkuu wao hadi bandarini, nikamuuliza kama hufundisha watu wazima wasiojua kitu. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu — karani wa forodha, miaka thelathini na mitano! Ada aliyoitaja siiwezi. Tena niache kazi, niwafuate huko waendako. Basi.

Lakini mchezo wao haunitoki akilini. Mtu alimlilia maiti wa uongo, nami nikalia. Mimi niliyemzika Baba mwezi uliopita kwa macho makavu! Nataka kujua alifanyaje.

Jumatatu, 26 Februari
Nimempata mwalimu wa bei yangu! Fadhil, muuza kahawa. Zamani alicheza na kundi kama lile huko Unguja. Alicheka hadi akaimwaga kahawa. "Mwana wa Bwana Gharib ataka kuwa kinyago? Babako angekuwapo angekutia bakora!" Kisha akakubali. Atanifundisha kwa tumbaku, alasiri, katika ghala tupu la boriti. Ami zangu wasijue.

Nyumbani hali ni ile ile. Mama yumo edani, hatoki chumbani, hasemi. Sahani inarudi kama ilivyokwenda. Dada yangu Esha anasema akimwogesha anaihesabu mifupa.

Alhamisi, 29 Februari
Somo la kwanza. Natembea kama daftari, ati. Kanuni ya Fadhil: usibuni mtu. Mchukue unayemjua, uanzie miguuni, sauti ije mwisho.

Nikamchukua Baba. Sikufikiri — alikuja mwenyewe. Aliburuta mguu wa kushoto. Mitawanda yake, vile viatu vya mti, bado ilikuwa chini ya ngazi. Nimeitwaa.

Jumamosi, 2 Machi
Nimekosa. Adhuhuri, niliporudi kula, nilidhani Mama amelala. Nikajaribu hapo tekani, mlangoni mwa kuingilia: mitawanda, kikohozi, kisha maneno ya Baba ya kila siku akirudi nyumbani — "Hodi! Mwenye nyumba yuwaya!"

Esha akatoka mbio. "Mwanamume mzima wavaa viatu vya maiti! Huna haya?" Mama alikuwa macho. Ameuliza kama maji ya Bwana yamewekwa.

Kisha amekula. Sahani nzima!

Jioni Esha alisema bila kunitazama: kesho fanya tena.

Jumanne, 5 Machi
Nafanya kila adhuhuri. Mama anakula. Leo nilimweleza Fadhil, nikijisifu kidogo. Akaliweka dele la kahawa chini. "Mimi nilikuwa jukwaani, Karani. Kila aliyekuja alijua yule ni Fadhil. Mamako ameambiwa na nani?" Akanirudishia tumbaku. Hanifundishi tena.

Nimerudi nayo mfukoni. Njia nzima nilikuwa naburuta mguu.

Alhamisi, 7 Machi
Harufu ya udi ndani ya nyumba! Mama amejifukiza. Amejipaka wanja. Mjane aliye edani! Esha alimpokonya chetezo, Mama akamuuliza kwa upole: eda ya nani, mwanangu, na mume wangu yuwaya kila siku?

Harufu imefika kwa majirani. Bi Radhiya ameita kutoka dirishani kwake: "Humo kwenu kuna arusi, nasi hatukualikwa?" Akacheka. Kesho mtaa mzima utajua. Esha amelia. Mitawanda nimeificha.

Jumamosi, 9 Machi
Tangu niifiche, Mama hajaonja hata maji. Leo Esha ameitafuta mwenyewe, akaniwekea miguuni. Shauri lake: Baba aje mara moja tu, aage. "Mwambie waenda, hurudi. Tumzike tena, iwe basi." Sikumuuliza shehe yeyote. Najua atakachosema.

Adhuhuri nikaingia. Mguu wa kushoto. Kikohozi. Kabla sijafungua kinywa, Mama akasema kutoka nyuma ya pazia: "Bwana Gharib. Asubuhi ile ulitoka una hasira nami, hukuniaga. Ukaletwa umebebwa. Nipe radhi yangu. Ukishanipa, enda."

Waligombana! Siku ile aliyoanguka sokoni. Hatukujua, mimi wala Esha.

Nimekaa tekani, daftari gotini, naandika. Mitawanda ingali miguuni. Esha ameshika ncha ya pazia, ananiashiria kwa kidevu: sema! Neno lenyewe ni fupi. Mguu wa Baba ninao, kikohozi chake ninacho. Lakini neno hili sikulisikia kinywani mwake hata siku moja, kwa mtu yeyote. Sijui angelitamka kwa sauti gani. Sijui kama angelitamka.

Nimekohoa tena.

"Nakusikia, Bwana," anasema Mama. "Bado umekasirika?"